Maulizo ya Muntu wa Kakanda

Likasi, Jumapili, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Tina mwanangu,

Barua hii anakuletea Arsène, dereva wa ile kamyoneti inayopeleka mboga Kakanda. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unaniambia tu uko salama, "Ça va, Mama," halafu mjukuu wangu Danielle analia, halafu unakata. Karatasi haikatiki katikati.

Nina habari, na tangu jana siwezi kutulia. Leo kwenye misa nilikuwa natabasamu peke yangu mpaka jirani yetu Mama Germaine akaninong'oneza: "Weye mujane, umepata bwana mupya?" Nikamwambia ndiyo, nimepata wanne. Akashika mdomo.

Wale wanafunzi wa baba yako wamerudi!

Unakumbuka baba alivyokuwa anakusimulia kwenye simu, kwamba wanakuja kila Jumamosi mchana kusoma Biblia naye, watoto wa chuo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Baba yako anakohoa kwanza kabla ya kusoma, na kuku wote wanakimbia. Tangu tulipomzika mwezi wa kumi hakuna aliyekanyaga hapa. Nilifikiri wamesahau. Jana nasikia hodi kwenye mlango wa lupango, wa ua wetu. Ni Orpha, yule mwembamba anayesomea uuguzi, na wengine watatu nyuma yake wanajificha kama watu walioiba maembe.

"Mama Tina, tulikuwa tunaogopa," akasema. "Tulisema kilio haiyaisha, hatuwezi kuleta nyimbo kwa muntu iko mu kilio."

Nikawaambia viti vya baba yako Lambert viko pale pale, wachukue. Nikauliza sasa nani atawasomea. Wakaniangalia mimi. Mimi, Tina! Niliacha shule mwaka wa sita wa msingi, yaliyobaki nilifundishwa na cherehani. Nikakataa. Ndipo Éphraïm, yule mrefu anayesomea umeme, akasema: "Mama Tina, maprofesa tuko nao juma nzima, tangu lundi mpaka vendredi, na tunachoka nao. Weye ukae tu pale, utukemee tukisema bongo, tukidanganya."

Nikaleta Biblia ya baba. Njiti yake ya kiberiti, ile anayotumia kuonyesha alipofika, ilikuwa bado kwenye Yohane sura ya nne, yule mwanamke wa kisimani. Nikakohoa kidogo kabla ya kusoma, sijui kwa nini. Kuku hawakukimbia. Watoto wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza ndani ya lupango hili tangu yeye aondoke.

Njoo Pasaka, Tina. Tangu maziko hujaingia kwetu. Njoo na Danielle, nitawapikia sombe ya majani ya muhogo.

Mama yako,
Bibiane


Kakanda, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Mama mpendwa,

Barua imefika, na nyanya pia. Nusu zimepondeka. Usitume nyanya kwa Arsène, anakalia kila kitu.

Mama, uwe mwangalifu. Hao watoto ni wa makanisa gani? Hapa kuna vikundi vinavyoanza hivyo hivyo, viti vinne na Biblia moja, halafu mjane anaambiwa auze friji ili abarikiwe.

Kuhusu Pasaka, sababu unaijua, lakini nitaiandika ili tusizungukane. Baba alipokuwa hospitalini nilifunga na kuomba siku zote zile, nimeshika mguu wake. Niliita mpaka sauti ikaisha. Hakuna aliyejibu. Siku ya maziko lupango lote likaimba kwamba Mungu ni mwema, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji natamani kuwatupia mawe. Siwezi kurudi kuketi pale nisikie tena. Siombi, Mama. Danielle akiombea chakula, baba yake, Kalenga, ndiye anayemwitikia Amina. Mimi ninagawa bukari.

Lakini kwa kuwa wanasoma sura ya nne: Yesu anamwambia yule mwanamke akamwite mume wake, na huku anajua kwamba hana. Kama anajua, anauliza nini? Na kama Mungu anajua yote kabla, sisi tunamwomba nini? Waulize hao wa chuo. Usiseme ni mimi.

Mtoto wako,
Tina


Likasi, tarehe 23 mwezi wa pili 2025

Tina mwanangu,

Ungewaona jana! Nilisema tu: "Kuna mtu wa Kakanda ameleta ulizo." Nikalisoma. Weee! Lupango liligeuka soko.

Éphraïm akaruka wa kwanza: "Mwalimu anauliza kitu anajua jibu yake. Ile ni examen!"

"Examen gani?" Orpha akamkatiza. "Mwanamuke iko na kiu, weye unamupa examen? Ndiyo maana hauna mchumba." Wote wakapiga makofi. Halafu akatulia, akasema: "Sisi kwa hospitali, unaingia mu chumba, karatasi ya mugonjwa iko mukononi mwako. Unajua yote. Lakini unamuliza, 'Unaumwa wapi, Mama?' Unamuliza juu aseme na mudomo yake. Akisema, hayuko tena peke yake na ugonjwa."

Nilipenda sana. Nilitaka kukimbia kuandika palepale. Lakini kuna msichana mpya, Marlène, mkimya, wazazi wake walitoka Kasai. Akainua mkono kama yuko darasani: "Na kama mugonjwa anasema, na muuguzi anatoka, harudi?"

Hakuna aliyejibu. Mtoto wa jirani akapita akipiga kopo.

Sasa wako tisa. Tunafuata utaratibu wa baba, ule wa shirika letu la sala hapa mtaani: tukimaliza kusoma, kila mmoja anachagua maneno machache yaliyomgusa, anayatamka mara tatu kwa sauti, halafu kimya kirefu, halafu ndipo tunaongea. Kimya kilikuwa kinaharibiwa na simu. Kwa hiyo Orpha amechukua beseni langu la kufulia, simu zote zinaingia humo, hata yangu, na juu tunafunika kikwembe kizito. Zinalia mle ndani kama vifaranga, hakuna anayesikia.

Kuhusu makanisa nimewauliza. Baba yake Éphraïm ni pasta. Éphraïm anasema kwangu amekuja kupumzisha masikio yake na vipaza sauti vya baba yake. Na friji yangu isikusumbue, imekufa tangu Noeli, hakuna mchungaji atakayeitaka.

Wanaomba salamu zao zimfikie Muntu wa Kakanda. Ndivyo wanavyokuita. Sijasema ni nani.

Mama yako,
Bibiane


Kakanda, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Mama mpendwa,

Huyo Marlène mpe kiti kizuri.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na Kalenga akairudia kwa sauti mezani, akimwigiza Éphraïm. Danielle sasa anapita nyumbani anapiga kelele "Ni examen!" hata akiambiwa anawe mikono.

Nina jingine. Nimechukua Biblia ya Kalenga, nimesoma sura ya tano. Usifurahi, nilikuwa natafuta makosa. Pale kwenye bwawa wamelala wagonjwa wengi, vipofu, viwete. Yesu anaingia, anamponya mmoja, anatoka. Mmoja! Na wengine? Walimwona akipita. Nani aliwaambia kitu usiku ule walipobaki? Waulize, na wasiniletee jibu la kukariri.

Tina


Likasi, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Tina mwanangu,

Hawakukujibu.

Tulirudi sura ya tano kwa ajili yako, ingawa njiti ilikuwa imefika ya nane. Nikasoma ulizo lako. Éphraïm akaanza, "Mungu iko na mpango..." akaacha mwenyewe katikati. Akasema, "Apana. Muntu wa Kakanda atanicheka." Kijana mwingine akafungua kitabu cha maelezo, akapekua, akakifunga. Niliona watu wa chuo wameshika vichwa, na unajua, Tina, nilifurahi. Baba yako alikuwa anasema Jumamosi nzuri ni ile ambayo watu wanaenda nyumbani wakiendelea kugombana.

Halafu Orpha akaanza kulia. Hatukujua. Kaka yake alifukiwa shimoni Kambove mwaka juzi, wakichimba na wenzake. Watatu walitolewa wazima. Yeye hakutolewa. Akasema: "Minye, Orpha, niko mu wale babakia kwa bwawa. Muntu wa Kakanda anauliza kitu ninauliza kila siku, na niliogopa kuiuliza hapa." Marlène akahamisha kiti chake, akaketi karibu naye.

Wakaniuliza mimi. Nikasema sijui. Nikasema tu kile ninachokiona: kwamba wale wa bwawa walikuwa wengi, lakini tukisoma tunawaona wamelala kila mtu peke yake, na labda hiyo ndiyo sehemu yetu sisi, kusogeza mikeka. Hilo si jibu, najua.

Mwishoni Orpha alikuombea. Mimi sikumtuma. Alisema, "Bwana, na yule wa Kakanda." Basi.

Na wewe ukija Pasaka hutalazimishwa kuimba. Nimeshapanga. Utakaa karibu na mimi na kumenya karanga.

Mama yako,
Bibiane


Kakanda, tarehe 23 mwezi wa tatu 2025

Mama,

Mwambie Orpha pole. Mwambie imetoka kwa mtu wa bwawani.

Lakini Pasaka sitakuja. Nimejaribu kulifikiria lupango lile bila kuona jeneza katikati, na sijaweza. Usiniandalie karanga. Usinisihi tena, Mama, nakuomba. Nikuandikie tu, nawe uniandikie, tuseme hivyo.

Tina


Likasi, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Tina mwanangu,

Sawa. Sitasihi tena.

Jana mvua ilikata kila kitu, hatukukutana. Jumamosi inayokuja tutafika sura ya kumi na moja, Lazaro. Wanafunzi wamewaalika wenzao, wanasema labda watafika hamsini! Nilicheka, nikadhani mzaha, lakini Éphraïm ameshaenda kuomba viti vyote vya shirika, vile vya plastiki. Asubuhi watavibeba vichwani kutoka parokia. Tutaimba wimbo wa baba yako kabla ya kusoma, nao watajizoeza asubuhi. Nimepika munkoyo wa kutosha, kile kinywaji cha mahindi, madumu yamejaa ukumbi. Sijawa na furaha hivi na hofu hivi tangu siku ya ndoa yangu.

Mama yako,
Bibiane


Kakanda, tarehe 8 mwezi wa nne 2025

Mama yangu,

Nilipokuwa kwako sikuweza kusema. Ulinilaza kitandani kwako, ukanipa chai, asubuhi Arsène akanichukua, na mimi nimekaa tu kama bubu. Sasa nimefika, na hapa kwenye karatasi naweza.

Jumamosi nilikuwa sokoni. Yule mama anayeleta samaki kutoka Likasi aliponiona alishusha beseni lake kichwani. Akanishika mkono. "Tina, pole. Haujui? Kwa mama yako kuna kilio. Nimepita asubuhi, viti vinabebwa, vingi, vijana wanajaa, na wanaimba." Mama, wewe umezaliwa Likasi kama mimi. Viti vya plastiki vikiingia vichwani katika lupango na nyimbo zikaanza, nani atafikiri kitu kingine? Na katika lupango lile nani amebaki wa kufa?

Nikapiga simu. Ikalia mpaka ikaisha. Nikapiga tena. Ulikuwa umeniandikia habari za viti. Ulikuwa umeniandikia habari za beseni. Yote niliyajua, Mama, na yote yalitoka kichwani. Nikampa Kalenga mtoto, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi. Njia nzima nilikuwa napiga, na kila ikilia bila kupokelewa nilikuwa nakuzika upya.

Sasa hii hukuiona. Pale kwenye kona, karibu na kinu cha unga, nimeshuka, nimefunga kikwembe kiunoni, nimeanza kulia ile sauti ya kilio, na nani anatokea mbele yangu? Mama Germaine. Naye analia. Ametoka Kambove kwa binti yake, ameona viti, ameingia kwake kuchukua unga na mfuko wa makala, mkaa wa kupikia, kama inavyotakiwa kwenye kilio. Tukakumbatiana barabarani, mfuko wa makala katikati yetu.

"Ilikuwa saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa ngapi nini? Weye ndiye mutoto, uniambie! Ni nani anakufa?"

"Si ni Mama?"

"Mama Bibiane? Aaaii!" Akaangusha makala, akalia kuliko mimi.

Tukaingia hivyo, wawili, tumeshikana. Na ninyi wote mmenyamaza! Watu wote wale, kimya, vichwa vimeinama. Nikajua imekwisha. Nikapiga ukelele. Halafu kule mbele, kwenye kiti cha baba, mtu ameinua kichwa, na miwani yake imeshuka puani, na ni wewe.

Unakumbuka nilichokuambia? Mimi nakumbuka kila neno, kwa sababu nililisema kwa nguvu zote mbele ya watu wote wale. "Nilikuita! Nilikuita njia yote! Kwa nini hukunijibu?" Nikakupiga kifuani, Mama. Nisamehe. Na wewe ukasema: "Niko hapa. Niko hapa, Tina." Hukusema kingine. Ukanishika mpaka mikono yangu ikachoka.

Ndipo nikasikia yule mrefu nyuma yako akisema polepole: "Kumbe Tina ni muntu. Minye nilijua ni jina tu ya Mama." Na mwembamba, Orpha, akamjibu: "Nyamaza. Ule ndiye Muntu wa Kakanda."

Alijuaje? Sauti yangu haijawahi kusikika pale. Akaja akainua kikwembe kwenye beseni, na kati ya simu zote yako ilikuwa inawaka, na juu yake imeandikwa Tina, Tina, Tina. Akaniwekea mkononi.

Sikujua mlikuwa mmefika wapi mliponyamaza. Kalenga amenisomea ya Lazaro jana. Martha anatoka nje, anamkimbilia Yesu njiani, anamwambia: ungekuwa hapa, ndugu yangu hangekufa. Yeye pia alikuwa ameita, na hakuna aliyekuja kwa wakati. Na hakukemewa, Mama. Nimemwambia Kalenga arudie pale. Hakukemewa. Kisha yule aliyechelewa akalia pamoja nao.

Simaanishi kwamba naomba. Bado sijaomba. Lakini kitu kimoja nimekiona na sijui nikifanye nini. Njia yote ile nilikuwa na hakika hakuna mtu upande wa pili. Nilikuwa na hakika kama ile niliyokuwa nayo hospitalini. Na ulikuwa hai, umeketi, unasoma.

Nitakuja Pasaka. Wote watatu. Sitaahidi kuimba. Karanga nitamenya.

Tina wako

Lile pipa la maji liko bado pale pale. Nililiona asubuhi wakati wa kutoka. Dogo kuliko nilivyokumbuka.


Likasi, Jumapili ya Matawi, tarehe 13 mwezi wa nne 2025

Tina mwanangu,

Barua yako nimelala nayo chini ya mto. Nimeisoma kwa Mama Germaine, isipokuwa pale pa makala, pale nimeparuka. Bado ana aibu na hasira kidogo. Anasema unga wa kilio ukishaingia katika lupango haurudi nyumbani, ni mkosi. Kwa hiyo tuliupika. Ulikuwa umelala tayari, hukuona: watoto wa chuo wote walibaki, Mama Germaine mwenyewe alisonga bukari juu ya makala yake, anawagombeza. "Munakula kilio ya muntu muzima, muna bahati!" Éphraïm alikula mara tatu. Orpha alikuja mlangoni kukuangalia, akafunga taratibu.

Aliniambia alivyokujua. "Hakuna mwingine anauliza hivi," alisema.

Jana walikuwa wengi tena, na sasa tunatundika kitambaa cheupe kwenye mlango wa lupango ili watu wajue hakuna aliyekufa. Tulipofika kwenye kutamka maneno yaliyotugusa, Marlène alichagua yale ya Martha, kwamba ungekuwa hapa. Akayasema mara tatu. Nilifikiri ataishia hapo. Baadaye akaniambia kwamba ulizo lake, lile la muuguzi anayetoka, bado analo. Lakini ametaka kuliuliza tena ukiwepo.

Mimi nilipokuwa nimekushika, Tina, na unanipiga, nilikuwa nawaza kitu kidogo sana. Ulipokuwa na miaka minne, kama Danielle, ulipotea siku ya soko. Baba yako alikupata umekaa kwenye gunia la mtu unakula muwa. Ulipomwona hukukimbia kwake. Ulimkasirikia. Ulimuuliza alikuwa wapi. Alicheka njia yote ya kurudi, amekubeba, na wewe unampiga mgongoni.

Arsène ameshaniahidi nafasi tatu mbele, na nimemkataza kukalia kitu. Jumamosi tutaruka mbele mpaka sura ya ishirini, kwa ajili ya Pasaka, yule Maria anayelia bustanini. Njiti sijaihamisha. Nimekuachia wewe uihamishe.

Beseni nimeliosha, na simu za wote zitaingia humo kama kawaida. Yangu nimewaambia wanisamehe. Siku hiyo itakaa mapajani mwangu, juu ya Biblia, mpaka nikuone umepita mlango wa lupango.

Mama yako,
Bibiane